Taa ya tangi la lita 48: kisa cha chumba kimoja Sinza, Dar es Salaam

Jumapili moja ya Machi, saa tatu usiku, mpwa wangu alinipigia simu. "Shikamoo mjomba. Maji ya tangi yamekuwa kama mchuzi wa kisamvu, samaki siwaoni hata mmoja." Nikaitikia marahaba, nikamuuliza swali moja tu: taa unaiwasha saa ngapi, unaizima saa ngapi? Akatulia. "Nikiamka naiwasha, nikienda kulala naizima." Anaamka saa kumi na mbili alfajiri, analala saa tano usiku. Saa kumi na saba kila siku, kwa taa ya wati 50.

Nimeamua kukiandika kisa hiki chote, na vipimo vyake na bei zake, kwa kuwa wengi wanaoanza kupanda mimea kwenye tangi la samaki wa mapambo wanakwama palepale alipokwama yeye. Wanaamini taa nzuri ni ile inayowaka kuliko zote. Mimi naamini kwamba tangi dogo lisilopulizwa hewa ya ukaa linahitaji taa ndogo inayotosha tu, ya bei ya chini, inayowaka saa chache. Lakini imani haitoshi mbele ya kijana aliyetumia pesa zake mara mbili. Ilibidi tupime.

Tangi lenyewe lilitengenezwa na fundi vioo wa mtaani: urefu sentimita 60, upana 30, kimo 35. Mchanga umelala sentimita 5 na maji yanaishia sentimita 3 chini ya ukingo, kwa hiyo kina cha maji ni sentimita 27, na ukizidisha unapata lita 48 na ushei. Kuna filta ya sponji na samaki wadogo aina ya gapi, kumi na mmoja. Mimea ni ya aina nne: anubiasi mbili zilizofungwa kwa uzi juu ya gogo, kangaga la Java, kriptokorini tano mbele, na valisineria zilizosimama nyuma kama nyasi ndefu. Mbolea hakuwa ameweka. Chumba ni cha kupanga, nyumba ina wapangaji wanne, na umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, wanachangia pamoja.

Taa ya kwanza aliyoiweka ilikuwa utepe wa rangi, ule wa kupambia kabati la televisheni, unaobadilishwa kwa rimoti. Ulimgharimu shilingi 15,000. Usiku tangi lilipendeza kwa zambarau na buluu, ila baada ya wiki tatu majani ya valisineria yakawa mepesi kama nailoni yakaanza kukatika. Utepe wa namna hiyo umetengenezwa uonekane, haukutengenezwa umulike. Akarudi dukani Kariakoo. Muuzaji mmoja akamshauri achukue taa ya kumulika uani, wati 50, kwa shilingi 35,000, akaining'iniza sentimita 15 juu ya ukingo wa kioo. Wiki mbili za mwanzo alinitumia picha kwa furaha, valisineria zikitoa majani mapya. Kisha nyuzi za kijani zikaota kwenye kingo za majani ya anubiasi, na baada ya hapo maji yenyewe yakageuka.

Hapa pana jambo linalohitaji kuelezwa taratibu, kwa sababu ndilo linaloamua taa ipi inunuliwe.

Mmea hutengeneza chakula chake kwa nuru, maji, hewa ya ukaa na madini. Nje, hewa ya ukaa inapita kwenye majani kila upepo unapovuma. Ndani ya maji hali ni nyingine. Maji yaliyotulia yakiwa sawa na hewa ya kawaida hubeba karibu nusu miligramu tu ya gesi hiyo kwa lita, na inasambaa humo polepole takriban mara elfu kumi kuliko hewani. Samaki na vijidudu vya mchangani huongeza kidogo, pengine hadi miligramu mbili au tatu. Wanaopuliza gesi hiyo kwa mtungi hulenga miligramu 20 hadi 30. Sasa ukimwagia nuru ya tangi lenye mtungi kwenye tangi lisilo nao, ni kama kubandika wali wenye maji kidogo juu ya jiko la mkaa lililokolea. Moto upo, maji hayapo, chini kunaungua. Mmea unasukumwa na nuru kukua upesi, haupati cha kujengea, majani yake ya zamani yanadhoofika, na mwani, ambao unaridhika na kidogo mno, unajipatia nafasi.

Halafu tazama mimea yenyewe inatoka wapi. Anubiasi ni ya Afrika Magharibi na ya Kati, huota kandokando ya vijito chini ya kivuli cha msitu. Kangaga la Java hushikilia mawe na magogo huko Asia ya Kusini-Mashariki. Kriptokorini aina ya wendtii ni ya Sri Lanka, nayo imezoea vijito vyenye kivuli. Hawa watatu ni wenyeji wa kivulini, na jani la anubiasi huweza kukaa miezi mingi mahali palepale, kwa hiyo mwani una muda wote wa kulikalia. Valisineria ndiyo pekee iliyohitaji nuru zaidi, na yenyewe ina uwezo wa kunyonya kaboni kutoka kwenye bikaboneti za maji magumu. Maji ya visima vingi vya Dar yana ugumu wa kutosha, ndiyo sababu valisineria hustawi hapa hata kwa asiye na uzoefu.

Siku iliyofuata nilikwenda. Tuliwahamisha samaki kwenye ndoo mbili za maji yaleyale pamoja na sponji ya filta, maana bakteria wanaosafisha uchafu wa samaki wanakaa humo na hawastahili kukaushwa. Tukavuta maji karibu yote. Kabla ya kujaza mapya nikalaza simu juu ya mchanga, yenye programu ya kupima mwanga kwa laksi. Simu si kipimo cha maabara, na tangi tupu haliakisi nuru sawa na tangi lenye maji, lakini simu moja kwenye tangi moja inatosha kulinganisha taa na taa. Katikati tulipata laksi 8,400. Kwenye pembe, 3,500.

Nuru ya mimea hupimwa kwa maikromoli za fotoni (chembe za nuru) zinazoangukia mita moja ya mraba kwa sekunde. Kwa LED nyeupe, laksi 70 hivi ni maikromoli moja. Kwa hiyo katikati ya tangi la mpwa wangu palikuwa na kama 120, na pembeni 50. Mimea ya kivulini inaridhika na 15 hadi 30. Yeye alikuwa ameipa mara nne ya kiwango hicho, kwa saa kumi na saba, na anubiasi zote mbili alizipanda katikati kabisa kwa sababu ndiyo mimea aliyoipenda zaidi.

"Kwa hiyo mjomba taa ni mbovu?" Si mbovu. Imewekwa kwenye kazi ambayo si yake.

Tulikaa kitandani na karatasi, mimi na yeye, tukapitia njia zilizokuwepo. Alibakiwa na shilingi 45,000 na hakutaka kuzidisha hata mia.

Ya kwanza kufikiria ilikuwa ileile aliyokuwa nayo, kwa kuwa isiyonunuliwa ndiyo rahisi kuliko zote. Ukiipandisha taa hadi umbali wa mara mbili kutoka mchangani, nuru inashuka hadi karibu robo ya ile ya mwanzo. Hilo lingetibu mimea. Lakini ingebaki kula wati 50, na nuru nyingi ingemwagika chumba kizima, machoni pa mtu anayelala mita moja kutoka hapo. Kwa saa kumi na saba kwa siku taa ile ilikuwa imekula uniti 25 na nusu kwa mwezi. Ukihesabu uniti kwa shilingi 350 hivi pamoja na kodi, ni karibu 9,000, na wapangaji wenzake walikwishaanza kuuliza kwa nini LUKU inaisha mapema. Hata akipunguza hadi saa saba bado ni uniti 10 na nusu, na sehemu kubwa yake inamulika ukuta. Tukaiacha.

Dirisha tuliliacha upesi zaidi. Jua la Dar halina swichi.

Balbu za kawaida za wati 9 zilitushika muda mrefu, na kwa tangi dogo zaidi ningezichagua bila kusita. Tangi la mraba la sentimita 30 linamulikwa vizuri na balbu moja ya wati 9 kwenye taa ya mezani yenye kofia, na gharama yote haifiki 20,000. Kwa tangi la sentimita 60 unahitaji mbili, na balbu ya duara hutupa nuru pande zote, hata nyuma. Bila kofia nzuri unapata madoa mawili ya mwanga na giza kwenye ncha.

Ipo pia taa maalumu ya akwariamu. Tuliulizia ya urefu huo tukaambiwa 150,000. Ni kitu kizuri, imezibwa dhidi ya maji na nyingine zinapunguzwa mwanga kwa kitufe. Mwenye pesa anunue. Ninachokataa ni kumwambia kijana kwamba bila hiyo mimea haioti.

Tulichochagua ni tyubu za LED za futi mbili, zile nyembamba zinazokuja na mwili wake na waya wake, siyo za kuchomeka kwenye fremu ya zamani yenye choki na stata. Urefu wake ni urefu wa tangi, kwa hiyo nuru inagawanyika sawa kutoka ncha hadi ncha. Kwenye boksi paliandikwa wati 9, lumeni 900 (jumla ya mwanga unaotoka kwenye taa), kelvini 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga). Lumeni 900 kwa lita 48 ni kama 19 kwa lita, na wafugaji wengi huchukua 10 hadi 20 kuwa nuru ndogo, 20 hadi 40 kuwa ya kati. Taa ya wati 50 ilikuwa inampa zaidi ya 90.

Kanuni hiyo ya lumeni itumike kwa kulinganisha taa nyeupe na taa nyeupe. Lumeni imepimwa kwa jicho la binadamu, linaloona vizuri zaidi rangi ya kijani, yenye urefu wa wimbi karibu na nanomita 555, kwa hiyo taa ya zambarau ya kukuzia miche itaonekana ina lumeni chache huku inatoa nuru ya kutosha mimea. Mpwa wangu aliuliza sana kuhusu hizo za zambarau. Hazina dhambi, ila chini yake jani la kijani linaonekana jeusi, na mtu ameweka tangi ili alitazame. LED nyeupe tayari ina buluu ndani yake: ni kidude kinachotoa buluu karibu na nanomita 450, kikapakwa unga unaogeuza sehemu ya buluu hiyo kuwa manjano. Klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, inanyonya vizuri buluu na nyekundu, na zote mbili zimo, pamoja na kijani ambacho mmea nao unakitumia. Kidude hicho cha buluu ndicho kilichowapa Akasaki, Amano na Nakamura tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Wapenzi wa matangi ya mimea wanamkumbuka zaidi Amano mwingine, Takashi, mpiga picha wa Japani aliyefariki mwaka 2015 na kuacha mtindo wa kupanga mimea, mawe na magogo kama mandhari ya porini. Napenda kwamba hao Amano wawili wanakutana juu ya tangi la Sinza.

Kuhusu kelvini, usilipie zaidi kwa ajili yake. Mimea itakua kwa taa ya 3000 yenye umanjano na kwa ile nyeupe ya 6500. Tulichukua 6500 kwa sababu kijani kinaonekana kijani.

Kofia tuliitengeneza kwa bomba la PVC la inchi nne, kipande cha sentimita 60 kilichopasuliwa katikati kwa urefu na kupakwa rangi nyeupe ndani. Tyubu mbili zinaingia bega kwa bega, ncha zimeachwa wazi ili joto litoke. Maji ya Dar tayari yanafika nyuzi 28 hadi 30, hayahitaji joto la taa. Chini ya kofia tuliweka kioo cha milimita 4 alichokikata yule fundi, chenye pengo nyuma la kupitisha mpira wa hewa.

Kioo hicho sikubali kujadili. Tyubu za bei hii ni za volti 230 na hazikuzibwa dhidi ya unyevu. Zikianguka majini mkono ukiwa ndani, hakuna cha kusimulia. Waya tuliupitisha ushuke chini ya soketi kwanza ndipo upande kuingia, ili tone likitiririka lidondokee sakafuni badala ya kufuata waya hadi kwenye plagi. Na mpwa wangu anachomoa plagi kabla ya kutia mkono, kila mara. Asiyeweza kupata kioo cha kufunikia atafute tyubu za volti 12 zenye adapta, aongeze pesa hapo apunguze kwingine.

Hesabu ilikuwa hivi: tyubu mbili 14,000, bomba na rangi 5,000, kioo 5,000, waya, swichi na plagi 4,000, na taima 16,000. Jumla 44,000. Mtu akitazama atashangaa kwamba taima imepita bei ya tyubu zote mbili. Hiyo nayo ina maelezo yake. Mwanzo nilimwazima taima yangu ya kuzungushwa, yenye vipini vidogo pembeni. Umeme ulikatika alasiri moja kwa saa nne, saa ya taima ikasimama pamoja nao, na kuanzia siku hiyo taa zikawa zinawaka hadi usiku. Taima ya kidijitali yenye betri ndani inaendelea kuhesabu hata gizani. Kwa mji ambao umeme hukatika, huo ndio ununuzi muhimu kuliko wote. Muwe waangalifu tu na saa zake. Mara ya kwanza mpwa wangu aliandika 07:00 akikusudia saa saba mchana, taa zikawaka saa moja asubuhi. Saa saba mchana ni 13:00.

Baada ya kujaza maji yaliyokaa siku mbili kwenye pipa, tulilifunika tangi kwa blanketi siku tatu, taa zimezimwa na sponji ikiendelea kutoa viputo, kwa sababu mwani unaokufa hutumia oksijeni ya samaki. Kisha tukaanza na tyubu moja, saa sita kwa siku. Simu, tulipoilaza mchangani siku ile tangi likiwa bado tupu, ilikuwa imetupa laksi 1,900 katikati na 1,600 pembeni. Maikromoli 27, na tofauti ndogo kati ya katikati na ncha.

Wiki ya pili akapiga tena, safari hii sauti imeshuka. "Mjomba, kriptokorini zote zimeyeyuka." Nikamwambia asing'oe hata moja. Kriptokorini ikibadilishiwa hali ghafla, iwe maji au nuru, huyeyusha majani na kubakiza mizizi hai. Alikata yaliyooza akayatoa. Wiki ya nne kila shina lilikuwa na majani mawili matatu mapya, mafupi na ya kahawia, yenye afya. Anubiasi hazikuota nyuzi mpya, na majani yaliyokuwa yameshambuliwa sana tuliyakata. Kwenye kioo palitokea vumbi la kahawia, analifuta kwa kitambaa kila Jumamosi.

Katikati ya hayo alitaka kwenda kuchuma mimea ya bure bondeni. Nilimkataza. Konokono wanaokuja na mimea hiyo ndio wanaobeba kichocho, na tangi analolitia mikono kila wiki si mahali pa kuwakaribisha. Wala mimea ya dukani isitupwe mtoni. Gugumaji la Ziwa Victoria lilitoka nje ya bara hili.

Wiki ya sita ndipo tyubu ya pili ilipowashwa kwa mara ya kwanza. Dalili tuliyoisubiri ni valisineria: zilikuwa hai lakini majani mapya yalikuwa membamba, nayo mimea mingine yote ilikuwa safi. Tyubu mbili pamoja zilitoa laksi 3,700, yaani maikromoli 53, sawa na zile pembe za taa ya zamani, lakini kwa saa tatu tu. Ya kwanza sasa inawaka saa sita mchana hadi saa moja jioni kwa taima. Ya pili ina swichi yake. Anaiwasha akirudi saa kumi, taima inazizima zote saa moja, na kabla ya kulala anarudisha swichi. Matumizi ni wati-saa 90 kwa siku, uniti 2.7 kwa mwezi, chini ya shilingi elfu moja.

Mwezi wa nne tangu tubadilishe taa, valisineria zimefika juu ya maji na kujikunja, na zimetambaa chini ya mchanga kutoa machipukizi saba. Kangaga limeota vitoto kwenye ncha za majani. Anaulizia mmea wa zulia, ule mfupi wa kutandaza mbele, nami nimemwambia kwamba huo utataka mtungi wa gesi kabla ya kutaka taa. Taa ya wati 50 mwenye nyumba aliinunua kwa 20,000, ipo juu ya geti, na pesa hiyo ilinunua vidonge vya mbolea vya kufukia kwenye mizizi ya kriptokorini.